Jumba, Babu au Kipochi

3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na paa limeanza nayo. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Chini wanagonga, juu panavuja, katikati nipo mimi. Naandika hapa kwa sababu nikisema hakuna anayesikiliza. Mdogo wangu ana vipokea sauti vyake vya masikioni, Mchoraji naye ana vyake, na mimi siwezi kubishana na watu wawili walioziba masikio kwa pesa zangu.

Hali yenyewe niiweke wazi, asije mtu baadaye akasema sikusema. Niliuza duka langu la simu, duka nililolianza na meza ya kukodi na bisibisi mbili, nikapata milioni arobaini. Zote zimeingia kwenye mchezo wa video unaoitwa Mpangaji. Wewe mchezaji ni mpangaji usiye na kodi ya nyumba, mwenye nyumba anakutafuta jengo zima, nawe unapanda ngazi, unaingia kwa jirani, unajibanza nyuma ya shuka zilizoanikwa, mpaka mwezi uishe. Wazo ni la mdogo wangu, ambaye ndiye anayeandika programu. Jengo, shuka na kitambi cha mwenye nyumba ni kazi ya Mchoraji, binti mkimya tuliyemwajiri mwaka jana. Pesa ni zangu.

Zimebaki milioni kumi na nne. Kila mwezi zinaondoka nne, hata tukilala tu. Nikitoa milioni mbili za ada ya kuingizwa kwenye mashine, nina miezi mitatu ya kuvuta pumzi. Duka la kurudia sina. Aliyelinunua sasa anauza viatu.

Na ada ni ya mashine moja, kwa sababu pesa ni za mashine moja. Kila mashine ya kuchezea ina programu yake, majaribio yake na masharti yake, na mchezo hauhami kutoka moja kwenda nyingine kama mtu anayehama kitanda. Ofisini tumezipa majina. Jumba ni ile mpya, kubwa kama kasha la maiti, yenye nguvu za kutisha na bei ya kutisha; wanayo watu milioni nane duniani. Babu ni ya zamani, na wanayo milioni arobaini. Kipochi ni ile ndogo ya kushika mkononi, milioni ishirini.

Mdogo wangu anataka Jumba. Mimi nataka Babu. Kipochi hakuna anayemtaka.

4 Machi

Ndoo mbili.

9 Machi

Leo nimewatoa vitu masikioni kwa nguvu, nikaandika hesabu ukutani.

Nakala moja tutaiuza elfu kumi. Duka la mashine linakata lake, ushuru unakata wake, tunabaki na elfu sita. Ili nirudishiwe milioni arobaini zangu lazima tuuze nakala elfu sita mia sita sitini na saba. Kwa Babu ni mtu mmoja katika kila watu elfu sita. Nani atashindwa kumpata mtu mmoja katika elfu sita? Hata mgonjwa wa ndui utampata.

Jumba ni habari nyingine. Mashine ya kutengenezea inakodishwa kwa bei ya gari bovu, picha zote zichorwe upya kwa sababu skrini zao zinaonyesha hadi vinyweleo, na majaribio ni marefu. Milioni kumi na moja za ziada, za kukopa. Sasa zinatakiwa nakala elfu nane na mia tano, yaani mtu mmoja katika kila mia tisa arobaini na moja.

Mdogo wangu alisikiliza huku akizungusha kiti. Alisema wenye Jumba wamemwaga pesa zote kwenye mashine na sasa wanakodoa macho kwa sababu michezo yenyewe bado haijatoka. Wana njaa, alisema, na mwenye njaa hachagui.

Nikamwambia wana njaa ya majoka na magari ya kasi, siyo ya mtu aliyejificha nyuma ya shuka.

"Dada, hujaiona mvua," akasema.

Akawasha kompyuta kubwa akanionyesha. Mchezo mzima unatokea siku za mvua, hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba kila tone linaanguka peke yake, linagonga reli ya ngazi, linapasuka, linalowesha koti la mwenye nyumba mahali lilipoangukia. Kaifanya mwezi mzima kazi hiyo. Nikapiga hesabu ya mwezi mzima, nikagawa kwa matone, kisha nikaacha kwa ajili ya afya yangu.

Nilikiri ni nzuri. Nilisema pia kwamba ya bure ipo hapo kwenye ndoo.

16 Machi

Mwenye nyumba wa ofisi hii alikuja kudai kodi. Bado ananiita Mama Simu, tangu enzi za duka. Akaikuta skrini ikionyesha mtu mwenye kitambi na koti akigonga milango. Akasimama, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Mdogo wangu akajitia hamnazo. Mchoraji akateremka chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

"Huyu ni mimi?" akauliza.

Nikasema siyo, ni mtu wa kubuni. Akasema basi aliyembuni hajui kazi. Akavuta kiti, akakaa, akatufundisha. Mwenye nyumba mwenye akili hagongi mlango, alisema, kwa sababu mpangaji mwenye deni akisikia hodi ndiyo kwanza anajifanya amekufa. Unakwenda kusimama bombani. Maji kila mtu atayafuata, leo au kesho. Unasimama tu pale, unamsalimia kila mtu, unatabasamu.

Mdogo wangu akaandika yote. Nikalipa kodi. Punguzo la ushauri hakutoa, wala mimi sikudiriki kuliomba, ila wakati wa kutoka akasema kile kitambi kimezidi.

17 Machi

Bomba limeingizwa kwenye mchezo. Nimekamatwa mara nne. Inaudhi sana. Inafaa.

24 Machi

Leo nimepata pigo, na nimelipokea nikiwa nimekaa, kwa bahati nzuri.

Kuna jamaa mmoja wa kazi hii, aliyetengeneza mchezo wa kuosha magari. Aliutoa mwaka jana kwenye Babu, kwa hesabu ileile ninayowahubiria watu hapa. Nikampigia anithibitishie niwakomeshe. Nikamwuliza ameuza ngapi. Akakohoa. Akasema mia tatu na kumi na mbili, na katika hizo kumi na saba ni ndugu zake.

Nikasema haiwezekani, watu milioni arobaini! Akaniambia milioni arobaini walinunua mashine, ndiyo, ila hakuna aliyewauliza kama bado wanaiwasha.

Nikatoka ofisini bila kuaga nikaenda kwa Mama. Babu yupo pale. Mdogo wangu alimnunulia zamani alipokuwa bado anapokea mshahara. Nikamkuta, yuko palepale chini ya televisheni, amebeba chombo cha maua. Ndani kuna mchezo mmoja wa mpira, uleule tangu siku ya kwanza.

"Mama, hii inafanya kazi?"

"Inafanya sana. Tangu niiweke, hiki chombo hakijaanguka."

Nikakaa nikitazama maua. Miezi mitano nimewaimbia vijana milioni arobaini, kumbe nilikuwa nahesabu vigoda vya maua.

25 Machi

Nimefuta hesabu ya Babu ukutani. Wala sikuwaambia sababu. Wameniangalia tu.

26 Machi

Nimewaambia sababu. Mdogo wangu hakucheka. Alicheka baadaye, kwenye ngazi, nikamsikia.

2 Aprili

Ndoo nne, na si hilo ninalotaka kuandika.

Saa nne asubuhi Mchoraji alitoa vya masikioni mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaja mezani kwangu amekunja mikono kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Akaomba kwa adabu zote kama anaweza kuruhusiwa kuchora milango mara mbili tu, maana mkono umeanza kumwuma.

"Mara mbili badala ya ngapi?"

"Tatu. Ya Jumba, ya Babu na ya Kipochi. Nilidhani ndivyo mnavyofanya hapa."

Damu ilinipanda taratibu, kama maji kwenye ile ndoo ya kona. Nikamwita mdogo wangu. Nikamwita mara ya pili, kwa jina lake lote. Akaja.

Kumbe tangu Desemba, huku sisi tukipigana kuhusu mashine ipi, yeye anatengeneza zote tatu. Kila ngazi, kila shuka, kila hatua ya mwenye nyumba, mara tatu. Anaandika ya Jumba, anahamishia kwa Babu, inakataa, anairekebisha, anapeleka kwenye Kipochi, inakataa kwa namna nyingine, anairekebisha, na marekebisho hayo yanaharibu ya Jumba. Asubuhi anaanza tena. Ndiyo maana kila nikiuliza tumefika wapi ananijibu tumekaribia. Alikuwa anasema kweli. Tumekaribia mara tatu.

Nikataka kujua kila mmoja umefika kiasi gani. Jumba nusu, na milio hakuna. Babu nusu, na ukipanda ghorofa ya pili unapenya ukuta unatokea nje angani. Kipochi zaidi kidogo ya nusu, kwa kuwa skrini ndogo inadai kazi ndogo.

Mimi kwenye duka la simu niliwahi kuwa na fundi mlevi, fundi mwizi, na fundi aliyeoa mteja. Fundi wa kufanya kazi moja mara tatu kwa siri, kwa nusu mshahara, sikuwahi kumpata. Sikuwa hata na neno la kumwitia.

"Kwa nini?" ndilo lililonitoka.

Alikuwa anaangalia sakafu. "Nilitaka usilazimike kuchagua, Dada. Umeuza duka. Nikasema angalau hili nikuondolee."

Hasira ikapoteza mahali pa kukaa. Nilizunguka chumba, nikaruka ndoo, nikarudi.

"Hukuniondolea," nikamwambia. "Umechagua tu kwa niaba yangu. Umechagua tuchelewe."

Mchoraji alikuwa bado amesimama. Akauliza, kwa hiyo milango ni mara mbili?

"Moja," nikasema. "Kuanzia leo kila kitu kimoja."

3 Aprili

Hakuna aliyesema na mwenzake. Wa chini wanagonga tu.

6 Aprili

Nimeamua. Kipochi.

Niliwapigia watengenezaji watano. Mmoja alinitukana, akidhani nimetumwa na benki. Wa Jumba alisema aliuza vizuri, kisha akanitajia gharama zake, na tukanyamaza wote wawili kwa heshima. Watatu waliotoa kwenye Kipochi wamerudisha pesa zao. Hawajatajirika, wamerudisha. Wenye Kipochi wananunua michezo midogo kama watu wanavyonunua njugu, wanacheza foleni ya hospitali, wanacheza kitandani, wakimaliza wananunua mwingine. Mtu mmoja katika kila watu elfu tatu ndiye ninayemhitaji. Na gharama zimo ndani ya kile kilichobaki.

Mdogo wangu aliitikia tu kwa kichwa. Kwenye kompyuta yake akahamisha kazi ya miezi minne ya Jumba na Babu kuipeleka pembeni, polepole, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka.

Jioni wifi alipita, mkewe. Ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu, mwavuli unachuruzika. Hakuja kwa shari. Alinivuta kwenye ngazi, akaniambia mumewe amepata barua ya kazi kutoka kampuni kubwa inayotengeneza michezo ya Jumba, ile yenye jengo la lifti. Wanataka jibu kabla Aprili haijaisha.

"Sikuja kumtoa, wifi," akasema. "Ila mwaka mzima nyumba naiendesha mimi, na mtoto anaanza shule. Nimeona heri uyasikie kwangu."

Nilimshukuru. Nilimuuliza mshahara ni kiasi gani. Alipoutaja nikashika reli ya ngazi.

14 Aprili

Kipochi kinazama kwenye mvua.

Mchezo ili uende sawasawa unahitaji picha thelathini kwa sekunde. Sisi tuna kumi na moja. Mwenye nyumba anapanda ngazi kama amebeba kabati peke yake. Una muda wa kupika, kula na kuosha vyombo kabla hajafika mlangoni. Tukaizima mvua kwa majaribio: thelathini na nne. Tukaiwasha: kumi na moja.

Nikamtazama mdogo wangu. Akasema atapunguza matone.

20 Aprili

Amepunguza, kisha amepunguza tena. Tumejadiliana tone kwa tone kama watu wa mnadani. Amefika matone mia mbili na bado picha ni ishirini na mbili. Na mvua ya matone mia mbili siyo mvua. Mchoraji, ambaye husema mara moja kwa wiki, alisema inaonekana kama kuna mtu ghorofani anatema mate.

22 Aprili

Nimemwambia aitoe yote.

Akasema mvua ndiyo mchezo. Bila mvua ni mtu mnene anayepanda ngazi. Nikasema bila picha thelathini ni mtu mnene asiyepanda ngazi. Akasema kwenye Jumba hata tusingekuwa na mazungumzo haya. Nikasema kwenye Jumba tungekuwa na mazungumzo haya mbele ya dalali wa mahakama.

"Dada, wewe unahesabu matone," akasema.

"Kuna mtu lazima ayahesabu."

Hakupaza sauti, na mimi sikupaza. Alikunja waya wa vile vya masikioni vizuri, akavitia mfukoni, akasema atawajibu wale wa lifti leo hii, anaanza kazi tarehe mosi. Akashuka ngazi. Nilimsikia akimsalimia fundi wa chini kwa furaha ya kuniudhi.

Nimeshinda mabishano. Nimebaki na mchezo ambao haujaisha na mtu mmoja anayechora.

23 Aprili

Kiti chake kiko wazi. Panavuja juu yake pia. Hatukuwahi kujua, kumbe alikuwa anakaa hivyohivyo.

27 Aprili

Jumapili. Nilikuja ofisini kuhesabu nilichobakiza, nikamkuta yupo. Ameingia kama fundi bomba aliyeitwa, hana salamu ndefu. Akasema wifi kamwambia mtu haachi nyumba ya dada yake na ukuta nusu.

Akaitoa mvua yote kwa mkono wake. Ilichukua dakika chache, na kuitengeneza mwezi. Nilijifanya natafuta stapla.

Kisha hakuondoka. Akaweka simu yake sakafuni katikati ya ndoo, akaniomba ninyamaze, akarekodi: paa, matone kwenye plastiki, matone kwenye bati, wa chini akigonga mara moja mbali. Akaiingiza kwenye mchezo. Mchoraji aliitwa nyumbani kwao, akaja na kandambili, akafunga mapazia yote ya jengo. Sasa mvua hauioni, unaisikia. Na kwa kuwa mwenye nyumba katoka nje, Mchoraji akamchorea nyayo za maji kwenye ngazi. Ukiona unyayo umelowa, ujue kapita. Ukiona bado unametameta, kimbia.

Picha thelathini na tatu kwa sekunde. Nilicheza nikajificha nyuma ya shuka nikisikia mvua ya ofisini kwangu, na moyo ulinienda mbio kweli.

Ni bora kuliko ile ya matone. Yeye anajua, mimi najua, na hakuna aliyelisema.

Mshahara wake wa Aprili nimempa wote, siyo nusu. Alihesabu mbele yangu. Huyu kweli ni ndugu yangu.

9 Mei

Tumeanguka kwenye majaribio.

Wenye Kipochi wana mkaguzi anayecheza mchezo kabla haujaruhusiwa. Sharti mojawapo: mchezaji akizima skrini, mchezo usimame. Wetu hausimami. Mdogo wangu alikuwa ameacha hivyo makusudi, kwa sababu, alisema, mwenye nyumba hasimami eti kwa kuwa umefumba macho. Mkaguzi akaenda kula, akarudi, akakuta ametolewa vyombo nje. Akaanza upya, akapokea simu, akatolewa tena. Ripoti yake imeandikwa kwa lugha ya adabu, lakini unaona mahali kalamu ilipokandamizwa.

Nikampigia mdogo wangu kazini kwake. Akanielekeza kwa kunong'ona kutoka ndani ya lifti, mimi nabonyeza huku ofisini, lifti inafunguka, anasema "ndiyo bosi", inafunga, tunaendelea. Mwenye nyumba wetu halisi alikuwa amekuja kudai, akasimama nyuma yangu akisikitika. Kwa maoni yake mkaguzi ndiye mwenye makosa.

17 Mei

Tumepita.

24 Mei

Umetoka. Nimevaa nguo nzuri, sijui kwa ajili ya nani.

25 Mei

Nakala arobaini na moja.

26 Mei

Ishirini na mbili. Mmoja wao ni Mama. Hana Kipochi. Amesema mashine atainunua ikishuka bei.

31 Mei

Jumla mia tatu themanini na nane. Nimemzidi mwosha magari, na hiyo ndiyo sifa pekee.

Kwa mwendo huu pesa zangu zinarudi mwezi wa tisa. Nilizonazo zinanifikisha wiki tatu, na hizo ni kwa sababu mdogo wangu simlipi tena. Leo nilipita mtaa wa duka langu. Yule wa viatu ametundika viatu mpaka pale nilipokuwa nikitundika chaja. Nikauliza, kama mteja tu, kama ana kona ya kukodisha, meza moja. Akasema ipo. Nikauliza bei. Aliponitajia nilijikuta nikimpunguza, na hapo nikajua sifanyi mzaha.

Mchoraji nimemwambia ukweli. Akasema Juni atachora kwa nusu. Nikakataa. Akavaa vyake vya masikioni, mazungumzo yakaishia hapo.

6 Juni

Kuna msichana mahali fulani, simjui wala hanijui, anajirekodi akicheza michezo na watu wanamtazama. Juzi alicheza Mpangaji. Dakika ishirini alimpiga chenga mwenye nyumba, akawa anajisifu, kiu ya mhusika ikapanda, akateremka bombani akiimba. Mwenye nyumba amesimama pale, ameegemea ukuta, anatabasamu. "Habari za siku nyingi?" Msichana alitupa Kipochi kitandani na kukimbia kutoka chumbani. Kamera ikabaki inarekodi kitanda kitupu.

Watu wameitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuamini. Siku mbili: nakala elfu moja mia tisa na arobaini.

Nilihesabu tena. Nikamwita Mchoraji ahesabu. Zilikuwa zilezile.

7 Juni

Sikwenda mtaa wa viatu.

11 Juni

Elfu nne mia nane. Mwenye nyumba ameiona video, mtu kamtumia. Amekuja akiwa amenyoa ndevu. Alisema amefurahi kuona bomba limefanya kazi, akanipongeza kwa kunishika mkono kwa mikono miwili, na kodi imepanda kuanzia Julai.

16 Juni

Barua pepe kutoka kwa wenye Jumba. Hao hao ambao mwezi wa pili, kwa kumridhisha mdogo wangu, niliwaandikia mara tatu wasijibu hata "tumepokea". Sasa wanaupenda mchezo wetu sana. Wangependa uwepo kwenye mashine yao, na gharama za kuuhamisha watazilipa wao, zote, kabla ya kazi kuanza.

Kwa hiyo ndivyo inavyokwenda. Zile milioni kumi na moja zilikuwa zangu za kukopa, wakati hakuna aliyejua mchezo. Sasa unajulikana, kumbe ni zao za kutoa. Mdogo wangu hakukosea kuhusu Jumba. Alikosea tu nani alipe. Nimelikubali hilo hapa kwenye karatasi, na litabaki hapa kwenye karatasi.

Sikuwajibu. Ndani kuna nusu ya kazi tayari, tangu Desemba, ila aliyeifanya yuko kwenye lifti ya watu.

20 Juni

Elfu sita mia sita sitini na saba tumeipita leo saa tano asubuhi. Ile ya elfu sita mia sita sitini na nane nilikaa naitazama. Shilingi elfu sita za kwanza ambazo ni faida tupu, hazina pengo la kuziba. Mchoraji alipiga makofi, taratibu, mara tatu.

Mvua haijanyesha wiki nzima.

Mchana mdogo wangu akapiga simu. Nilidhani ni pongezi, na zilikuwepo, fupi. Lakini hakukata. Nikamwuliza kazi ikoje. Akasema jengo zuri. Chakula kizuri. Watu mia mbili wanatengeneza mchezo mmoja, mwaka wa nne sasa, na gharama zimefika mahali ambapo mabosi wanaongea kwa kunong'ona hata kwenye mikutano.

"Na wewe wamekupa kazi gani?"

"Msitu," akasema. "Kuna msitu mkubwa. Mzuri ajabu, Dada, kila jani linatikisika peke yake. Jumba haliwezi kuubeba." Akavuta pumzi. "Naondoa majani."

Sikucheka. Namshukuru Mungu kwa nguvu alizonipa, sikucheka.

"Mwezi mzima unaondoa majani?"

"Kuna mtu lazima ayaondoe."

Nikamwambia kuhusu barua ya wenye Jumba. Nikamtajia watakachotoa, nikamtajia mshahara nitakaoweza kumlipa, ambao haufiki ule wa lifti lakini ni kamili, na wifi atauona kwa macho yake. Nikasema nusu ya kazi alikwishaifanya bila mtu kumtuma, kwa hiyo hiyo nusu simlipi tena. Akasema atakuja kesho asubuhi. Anaandika barua ya kuacha kazi sasa hivi.

Nikamwambia asubiri, asiandike kitu. Nikamwuliza huko mshahara wanalipa tarehe ngapi.

"Ishirini na nane."

"Basi njoo tarehe ishirini na tisa."